Somo Lilelile, Mwalimu Yuleyule

Verlin, weka hiyo bia chini usome. Natoka chuo kikuu na Corinne sasa hivi. Niko ndani ya gari, hata ufunguo unanishinda kwa hasira.

Unajua binti yangu kasoma miaka miwili chuo kidogo cha kaunti ili ahamie hapa amalizie uuguzi. Leo wanamwambia somo la mwili wa binadamu alilofaulu halihamishiki. Alirudie, mwaka mzima.

Nikamuuliza mama wa ofisini kwa nini. "Mzee wangu, viwango vya kule si vya hapa."

Viwango. Verlin, kule alifundishwa na mwalimu Pruitt. Na hapa somo hilo anafundisha nani? Pruitt. Asubuhi kule, mchana hapa, kitabu kilekile, hata koti habadilishi.

Nikamwambia hivyo yule mama. Akajibu, "Kompyuta haitambui mwalimu, inatambua namba ya somo."

Mimi shule niliiachia darasa la tisa, lakini sijaona ng'ombe akihamishwa zizi akageuka mbuzi. Afadhali mke wangu Lorna alishatangulia mbele ya haki, asione mwanawe akidharauliwa na wavaa tai.

Mlangoni tukakutana na Pruitt mwenyewe. Corinne akamweleza, machozi yanamlenga. Pruitt akasema, "Binti, darasa langu la mchana lina watu themanini. Nahitaji msaidizi. Njoo unisaidie kuwafundisha."

Tukarudi ndani. Yule mama akatia saini karatasi mbili: moja inasema Corinne ni mwanafunzi asiyelijua somo, nyingine kwamba ni msaidizi wa kulifundisha. Kalamu ileile, Verlin. Wala hakupepesa macho.