Muongo Haadhini

Najma, ndo natoka msibani Buguruni.

Unakumbuka miaka ya tisini, baba akiwa fundi wa shirika la simu la serikali? Aliwaambia watu wa Mbagala wasubiri, shirika linaleta simu za mkononi. Hazikuja. Wakamzuia kuadhini msikitini, eti muongo haadhini.

Leo mzee mmoja aliyekuwaga wizarani karopoka: "Masafa ya simu za mkononi tuliwapa wageni kwa bei ya kutupa. Shirika letu tulilipangia bei kubwa makusudi, lishindwe."

Makusudi. Kasema huku anapuliza kahawa.

Baba kamwomba, kwa upole kabisa, aje ayarudie hayo msikitini kwetu.

Mzee kamuuliza: "Nikayarudie kwa nani?"

Baba kaanza kuwahesabu kwa vidole wale waliomzuia. Wote tumeshawazika.