Mafungu matano, mnada mmoja

Jumanne, Bariadi. Wingu limekaa juu ya mji tangu asubuhi na halijatoa hata tone. Nimerudi kutoka mnadani Lagangabilili nikiwa na vumbi hadi kwenye meno, na sina hamu ya kuongea na mtu. Kwa hiyo naandika.

Mfumo wangu umekufa leo, mbele za watu.

Kama ni mara yako ya kwanza kusoma hapa: nilianza na steshenari, kutoa fotokopi na kuchapa barua za watu. Programu nilijifunza kuandika kwenye kiti kilekile, wateja wakiwa hawapo. Sasa natunza kumbukumbu za ng'ombe kwa kampuni inayosimamia minada mitano, mmoja kila wilaya. Kila ng'ombe ana hereni yenye namba. Akiuzwa, karani anaingiza ile namba kwenye simu, mfumo unahakikisha mwenye mali, kibali cha kumsafirisha kinatoka. Bila kibali lori haliondoki. Vibali vya karatasi tulivifuta mwezi uliopita, tena kwa ushauri wangu.

Data zote zilikuwa kwenye seva moja kubwa ya kukodi. Ng'ombe walipoongezeka ikaanza kuhema. Dawa yake inajulikana: unazigawa data mafungu, kila fungu linapata seva yake ndogo, mzigo unabebwa na wote. Kazi yenyewe iko kwenye kuamua unagawa kwa kigezo gani.

Kikaoni mimi nilisema tugawe kwa tarakimu ya mwisho ya hereni. Sifuri na moja fungu la kwanza, mbili na tatu la pili, hivyo hivyo hadi tisa. Tarakimu haina kwao. Ng'ombe wa Bukundi atakaa na wa Zagayu, na iwe siku gani, kila seva itabeba moja ya tano.

Meneja wa kampuni hakutaka. Alisema kila wilaya inataka kuona ng'ombe wake wamekaa pamoja, hivyo tugawe kwa mnada. Nikamweleza kwamba kila mnada una siku yake. Fungu la Lagangabilili litalala siku sita, ya saba libebe kila kitu peke yake. Tutalipia seva tano, itakayofanya kazi ni moja, tena ndogo. Akatabasamu kama anabembeleza mtoto.

"Dada, hapa tunaongelea watu. Hesabu zako utatufanyia baadaye."

Kikao kizima kikacheka. Mmoja akataka kujua hayo nimeyasomea chuo gani.

Nikaenda kugawa kwa mnada kama walivyotaka. Na niligawa vizuri, hilo ndilo linaloniuma. Hesabu sikukosea. Nilichoka tu kuitwa mbishi.

Wiki iliyopita ng'ombe walikuwa wachache, tukapita. Leo kila mtu anatafuta hela ya kulima kabla ya mvua, zizi likajaa tangu asubuhi. Kabla ya saa sita simu za makarani zikawa zinazungusha kiduara tu, kibali hakitoki. Nikafungua grafu ya seva: mistari minne imelala chini, wa tano umegonga dari. Dalali mmoja akapaza sauti ili wote wasikie, "Dada, ng'ombe wetu wamelala humo kwenye simu yako. Wachape fimbo waamke."

Nilicheka nao. Ningefanyaje?

Halafu nikamwona sengi wangu, dada yake baba, kwenye foleni. Ametoka Zagayu na maksai mmoja, ndiye pekee wa kuuza aliyebaki. Shamba lake la pamba halijalimwa na yeye mgongo umekataa jembe. Trekta la kukodi litakuwa kijijini kwao hadi Jumamosi, kisha linahamia Meatu. Mnunuzi alikuwa amempata, bei nzuri, mikono wameshapeana. Kilichobaki ni kibali.

Alisubiri hadi saa kumi. Dereva wa lori akaanza kupiga honi. Mnunuzi akamwomba radhi kwa adabu zote, akapakia wale waliowahi kupata vibali asubuhi, wakaondoka.

Nilimfuata. Nilidhani nikimweleza ukweli nitapata nafuu, basi nikamwambia yote: mafungu, kikao, meneja. Alinisikiliza huku anakunja kamba ya maksai.

"Kwa hiyo ulijua."

"Nilijua, sengi."

"Basi ungeniambia mimi. Ningemuuza nyumbani kwa bei ya kutupa, ningekuwa nimeshalima."

Meneja nilimpinga kikaoni, nikashindwa, nikaona wajibu wangu umeishia pale. Hao waliokuja leo na kamba mkononi sikumwambia hata mmoja.

Kesho hakuna mnada. Nimemwandikia meneja kwamba asubuhi nahamisha data zote, nagawa kwa tarakimu ya mwisho, na wilaya zikitaka kuona ng'ombe wao nitazitengenezea ripoti. Akitaka kunizuia apige kabla sijaanza. Ujumbe ameusoma, hajajibu. Inawezekana naandika haya nikiwa sina kazi.

Sengi anasema Alhamisi, siku ya mnada wa huku Bariadi, atamswaga maksai hadi hapa, safari ndefu kwa mgongo ule. Nikamshukuru kwa kuniamini tena.

Akaniambia hajasema ananiamini. Amesema trekta halisubiri.