Nyota Niliyoshindwa Kuifuatisha

Nyumbani, juu ya karakana ya mihuri,
Jumapili, tarehe 14 Julai.

Mpendwa Mjomba,

Nisamehe kwa kutanguliza jambo jingine kabla ya salamu. Nikianza na salamu nitajificha ndani yake, na hutapata neno la maana mpaka ukurasa wa pili. Ile barua ya kukushukuru kwa zawadi ilikuwa ya uongo. Nilikuandikia kwamba nimeshachora nyota nyingi na kwamba rafiki zangu wote wanagombea zamu. Sikuwa nimemwonyesha rafiki hata mmoja. Barua yenyewe niliiandika mara kumi na moja, na kila nakala niliikagua kwa lenzi ya babu, nikitafuta kama herufi zangu zinatetemeka. Uliyoipata wewe ndiyo niliyoiona ina nafuu. Hili sijamwambia mtu yeyote, hata babu, ambaye mengine yote anayajua sasa.

Haya, shikamoo Mjomba. Mgongo wako unaendeleaje? Mama anasema usijifanye kijana kwa kubeba mizigo ambayo wenzako wanasaidiana wawili wawili. Mkaza mjomba na watoto wenu mapacha hawajambo? Picha yao tumeibandika karibu na dirisha, na kila mgeni lazima aambiwe nani ni nani, hata kama hajauliza.

Sisi ni wazima. Baba bado yuko safarini na lori, anatarajiwa mwisho wa mwezi. Mheshimiwa, mdogo wangu, ambaye wewe mwenyewe ndiye uliyempa jina hilo, ameng'oka meno mawili ya mbele kwa wiki moja. Bado anatoa amri kama zamani, ila sasa amri zake zinavuja upepo.

Paa la upande wa ngazi limezibwa. Mama ameweka ndoo zote tatu stoo kwa furaha, kama mtu anayewafukuza wapangaji wabaya.

Sasa nije kwa babu, na kwangu.

Unajua kwamba tangu mwaka jana mkono wake wa kulia hutetemeka, na kwamba ameacha kuchonga mihuri. Karakana iko wazi, Mama anakaa kaunta, lakini kinachouzwa ni wino na mihuri iliyokwisha kutengenezwa. Usichojua ni kwamba mimi ndiye niliyemsindikiza hospitali siku ya kupimwa. Daktari alimpa karatasi yenye mchoro uliojizungusha kama ganda la konokono, akamwambia aufuatishe kwa kalamu taratibu. Babu, ambaye ameandika majina ya nusu ya maofisi ya mji huu kwa ncha ya kisu, alishindwa kupita raundi ya kwanza. Mstari wake ulikuwa kama uzi uliofumuka. Kisha daktari akauliza, "Kuna mwingine katika ukoo mwenye hali hii?" Babu akacheka, akanionyesha kwa kidevu. "Huyu hapa ndiye ukoo. Mwangalie mwenyewe." Alikuwa anatania. Mimi sikucheka.

Zawadi yako ilifika wiki iliyofuata. Niliifungua peke yangu chumbani. Ilikuwa imekunjwa bapa kama jalada la kitabu, nami nikafurahi jinsi ilivyosimama yenyewe nilipoikunjua: kioo kidogo wima upande wa mbali, kibao cha kuzuia macho yasiuone mkono, na chini yake karatasi yenye nyota iliyochorwa kwa mistari miwili. Nilielewa bila kusoma, maana maelezo yalikuwa kwa lugha nisiyoijua. Unapitisha penseli kati ya mistari miwili, ukitazama kioo tu. Juu ya kasha kulikuwa na mtoto mdogo, pengine wa miaka sita, anacheka, na nyota yake imenyooka kabisa.

Nikaanza. Upande wa kwanza ulikwenda. Nilipofika kwenye pembe, mkono wangu ulikataa. Mjomba, sijui nikueleze vipi. Niliuambia nenda kule, ukaenda huku. Nikausukuma mbele, kwenye kioo ukanijia. Nikasimama, nikajaribu tena, penseli ikawa inajikwaruza mahali pamoja kama kuku anayechakura. Nilipoinua kibao nikaona mstari wangu umekwenda zigizaga mpaka nje ya karatasi. Nikamtazama yule mtoto wa kwenye kasha. Nikaikumbuka karatasi ya daktari.

Unanijua mimi. Badala ya kumwuliza mtu, nilikwenda maktaba. Mkutubi wetu alinipa kitabu kinene cha magonjwa, nikasoma sura nzima mara tatu. Kilisema kwamba mgonjwa huombwa afuatishe mchoro. Kilisema pia kwamba mara chache sana hali hiyo huwapata hata vijana. Maneno "mara chache sana" niliyaruka kama dimbwi, nikatua kwenye neno "vijana".

Nikaikunja zawadi yako nikaisukuma chini ya kitanda, ukutani kabisa. Kwa wiki sita nilitembea na ugonjwa wangu kama mtu aliyeficha paka ndani ya koti. Chai nilikunywa nusu kikombe, isije ikamwagika. Darasani niliacha kunyosha mkono. Mwalimu wa historia akaniuliza kama nimegombana naye.

Yote hayo ningeyavumilia. Lililoniumiza ni la babu. Tangu mwanzo wa mwaka alikuwa ameniahidi kwamba likizo hii atanifundisha kuchonga herufi. Mpaka sasa kazi yangu ilikuwa kukata vipande vya mpira na kupiga msasa mishikio. Alisema hata kama mkono wake umestaafu, mdomo wake bado uko kazini, basi yeye ataelekeza na mimi nitachonga. Likizo ilipoanza akaniita. Nikasema nina kazi za shule. Akaniita tena, nikasema kichwa kinauma. Mara ya tatu hakuniita. Aliniwekea kisu kidogo mezani, amekifunga kwa kitambaa safi, nami nikapita kama sijakiona. Niliogopa kwamba nikikishika mbele yake atauona mkono wangu, na atajua kwamba amenirithisha.

Siku moja nikiwa kwenye ngazi nilimsikia akimwambia Mama, "Mwache. Mtoto anaona haya. Siku hizi nani anataka kushinda amejipaka wino kama mimi? Visu nitamwachia Fundi Saa, yeye atavipa kazi. Jumamosi aje avichukue."

Mama akasema, "Baba, mngoje kidogo."

"Nimengoja. Kisu hakingoji, kinapata kutu."

Niliketi pale kwenye ngazi mpaka miguu ikafa ganzi. 

Jumamosi ikafika, na mvua. Fundi Saa, yule jirani yetu anayetengeneza saa kwenye kibanda cha vioo, alikuja saa nane mchana na mwavuli uliovunjika mbavu. Babu akavitandaza visu vyote tisa mezani sebuleni, kila kimoja kwenye kitambaa chake. Mimi nilikuwa pembeni na kitabu nilichokishika bila kufungua ukurasa. Hapo ndipo Mheshimiwa akatokea chumbani kwangu, ana vumbi mpaka kwenye nyusi, amekumbatia zawadi yako.

"Nimekamata mali ya magendo!" akatangaza. "Ilikuwa chini ya kitanda cha Kamusi!"

Kamusi ndiye mimi, kama umesahau. Nilitaka kumnyang'anya, lakini Mama alikuwa ameshaikunjua. "Kumbe ndiyo hii! Mbona umeificha? Hebu nione." Akaketi, akashika penseli, akatazama kioo.

Mjomba, Mama alifika kwenye pembe ya kwanza, akasimama. Penseli ikachakura. Ikaenda kulia, ikarudi, ikapanda juu, ikatoka nje. "Ah! Ah! Nani anausukuma mkono wangu? Hiki kioo kina wazimu!"

"Mama, nyota yako imepata ajali," Mheshimiwa akasema. "Iitiwe gari la wagonjwa."

Akajaribu yeye. Yake haikufika hata kwenye ajali, ilianzia mtaroni. Mimi nilikuwa nimesimama sasa. Lakini nilijiambia Mama ana haraka na mtoto ni mtoto. Bado nilikuwa na ugonjwa wangu.

"Fundi, jaribu wewe," Mama akasema. "Wewe una mkono wa kushika unywele wa mbu."

Fundi Saa akajifuta mikono, akavuta kiti, akavaa miwani. Huyu ni mtu anayefungua saa ya mkononi, akaitawanya vipande mia juu ya kitambaa, akairudisha ikiwa inatembea. Mkono wake haujawahi kutetemeka hata mbele ya mkewe, na huyo tunamjua wote. Alipofika kwenye pembe, penseli ikasimama. Akaisukuma. Ikaenda upande usio wake. Jasho likamtoka juu ya mdomo. "Hapana," akasema polepole. "Hapana bwana. Huu si mkono wangu. Nimeuazima."

Mama alicheka mpaka akakaa sakafuni. Mimi sikuweza kucheka. Nilikuwa naitazama ile karatasi ya Fundi Saa. Ilikuwa na zigizaga ile ile ya kwangu, hata mahali pa kutoka nje palikuwa pale pale.

Kisha babu akasema, "Leteni hapa."

Mama akasema, "Baba, si lazima." Babu akaivuta tu. Akashika penseli, na mkono wake ukaanza ile kazi yake ya kutetemeka. Mstari ukatoka umepindapinda kama mawimbi madogo. Akafika kwenye pembe ya kwanza, nasi tukasubiri akwame. Akakunja kona. Akafika ya pili, akakunja. Ya tatu, ya nne. Hakusita hata mara moja. Ilikuwa nyota inayotetemeka kila mahali, lakini haikupotea njia, na ilirudi mpaka pale ilipoanzia.

"Mzee!" Fundi Saa akasema. "Umefanyaje?"

"Muhuri unachongwa kinyume," babu akajibu. "Mimi nilikuwa naegemeza kioo nyuma ya mpira, nachonga nikiangalia humo ili niyaone maneno yakiwa sawa. Miaka arobaini nimekaa kwenye kioo. Ninyi ni wageni, mtapotea tu. Kila mgeni hupotea hapo, mpaka akizoea."

Sasa nikaelewa. Mkono wa babu ulitetemeka ila ulijua njia. Wangu haukutetemeka, ulikuwa umepotea tu. Ni vitu viwili tofauti, na mimi niliyesoma sura nzima mara tatu sikuviona. Nikaanza kulia, Mjomba, mbele ya Fundi Saa, kwa sauti, kama mtoto aliyepotea sokoni akaonekana.

Nikasema yote. Daktari, kitabu, nusu kikombe cha chai, kisu nilichokipita. Mheshimiwa alisahau kutoa amri. Babu akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Yaani umeumwa wiki sita, na mgonjwa mwenzako niko humu humu ndani, hukunipa hata taarifa?"

Mama alikuwa anacheka na kulia pamoja. Babu akaniambia ninyoshe mkono, akalaza karatasi nyepesi juu ya vidole vyangu. "Tazama." Karatasi ikatulia. Akailaza juu ya vidole vyake, ikapepea kama bendera. "Huyo ndiye mgonjwa," akasema. "Wewe una ugonjwa wa vitabu, na huo hauna dawa."

Nikamwuliza, kwa sababu nilitaka kujua kweli, itakuwaje ikinijia baadaye, nikiwa mkubwa. Hakunidanganya. Alisema daktari mwenyewe hajui, huenda ikaja na huenda isije. "Ikija itakukuta umeshachonga mihuri mingi. Itaona haya."

Fundi Saa akawa ameshafunga visu vyote kwenye vitambaa vyake. Alivisukuma upande wangu wa meza, akachukua mwavuli wake. "Mimi na huyu Mzee hatukuelewana bei," akasema. "Naona mwenye visu yupo." Alipofika mlangoni akarudi kuomba apewe nyota nyingine akajaribu nyumbani.

Kwa hiyo ahsante, Mjomba, ahsante ya kweli safari hii. Karatasi za nyota zimekwisha, Mama na Mheshimiwa wanachora zao kwenye makaratasi ya kufungia wino na wanashindana kila siku baada ya chakula. Usingizi nimeupata wote. Chai nakunywa kikombe kizima. Sikujua kwamba mtu anaweza kusikia raha kwa kushindwa kitu ambacho na wengine wanashindwa.

Wape salamu zetu mkaza mjomba na wale mapacha. Babu anakusalimu, anasema barua zako ni fupi kama risiti. Mama anakusalimu, na Mheshimiwa anakuamuru urudi. Mungu akulinde barabarani na kazini, aupe mgongo wako nafuu, na atukutanishe tukiwa wazima wote.

Nimalizie na hili, maana najua utauliza. Jumatatu baada ya chai ya asubuhi nilishuka karakana. Nilivaa aproni ya babu na kuikunja kiunoni mara mbili. Yeye alikaa kwenye kiti cha wateja, nami nikaegemeza kioo nyuma ya mpira, nikachagua kisu cha nne. Herufi ya kwanza niliikata ikavunjika. Ya pili niliichonga upande usio wake. Ya tatu ilichukua saa nzima. Nikaipaka wino, nikaigonga kwenye karatasi chakavu, babu akaivuta karibu na macho yake, akaisoma bila kuniuliza ni herufi gani. Kisha nikafagia vipande vya mpira, nikapanda juu kufanya hesabu za shule.

Ni mimi mpwa wako, nikupendaye hata ninaponyamaza,
Kamusi.