Sehemu Aliyojaza Marisa

Tulare, Februari 9

Dada yangu mpenzi Deolinda,

Pokea salamu kutoka kwetu sote. Natumaini goti lako limetulia, na kwamba baridi ya huko Ferndale haikutesi kama mwaka jana. Shemeji Augusto mwambie soseji zake zilifika salama; Norberto alikula tatu kabla hajavuta kiti. Kwa mwili hatujambo. Kwa moyo mimi si mzima, ndiyo maana nakuandikia badala ya kukupigia simu. Kwenye simu ungenikatiza, nami ningeshukuru kukatizwa.

Kinachoninyima raha ni masomo ya Marisa. Unakumbuka alivyoanguka kifafa darasani mara ya tatu, akiwa na miaka saba, nikamtoa na kumwandikisha katika hii shule ya umma ya watoto wanaosomea nyumbani. Kila mtoto hutengenezewa mpango wake mwenyewe. Mimi namfundisha kwenye meza ya jikoni na kutia saini ya mahudhurio kila siku, na kila baada ya siku ishirini za masomo Mwalimu Renfro huja kukagua na kuchukua sampuli ya kazi ya kila somo. Norberto hunitania kwamba ng'ombe wake mia nne hawana mpango wa mmoja mmoja na maziwa yanatoka vilevile. Lakini ndiye aliyempigilia binti yake rafu ya vitabu, na siku alipomsikia akipiga hesabu ya chakula cha ndama kichwani, utani ulimwisha.

Mwaka wa kwanza ulikwenda vizuri mno. Kuanzia Oktoba mambo yakateremka. Mtoto aliyekuwa akisoma kurasa kumi bila kuinua macho, sasa wa pili hamalizi, anasinzia. Jedwali la saba, alilokuwa akiliimba huku anaosha vyombo, limempotea. Namuuliza saba mara sita, ananitazama tu. Nimemgombeza, Dada. Nimemwita mvivu zaidi ya mara moja.

Mwalimu Renfro ni mtu mpole, huvua viatu mlangoni bila kuambiwa. Mwezi wa Desemba alizipanga sampuli mezani tangu za Agosti, akaniuliza kama ninaona anachokiona yeye. Nikamwambia ni ukungu huu, bonde likifunikwa kila mtoto huzubaa. Akasema ana watoto ishirini na sita katika bonde hilihili, na ishirini na watano hawasinzii.

Wiki iliyopita alirudi. Kazi tatu hazikukamilika, na kwa utaratibu wao, ikifika hapo ni lazima kiitwe kikao kuamua kama kusomea nyumbani kunamfaa mtoto au arudishwe darasani. Kikao chenyewe ni Alhamisi asubuhi. Tangu hapo, nikisikia gari linapunguza mwendo barabarani, nachungulia dirishani nikidhani wamemfuata.

Hilo lingetosha kuniumiza, lakini kuna lililofuata siku ileile. Kwenye fomu ya mpango kuna sehemu ya mwanafunzi mwenyewe, aandike anachotaka kwa siku ishirini zinazokuja. Miaka yote miwili nimeijaza mimi, nikijiambia naokoa muda. Safari hii Mwalimu alimsogezea Marisa kalamu, mimi akaniomba kahawa. Nilijua naondolewa, nikaenda. Niliporudi, mtoto alikuwa ameandika mistari miwili: kwamba anataka kwenda kwenye darasa la Jumanne kule Visalia akae na wenzake wanaosomea nyumbani, na kwamba kwanza anataka kuwa macho. Mwalimu akamuuliza, kuwa macho vipi?

Marisa akasema, “Kama zamani. Siku hizi kichwa changu kimejaa pamba. Ni zile dawa, waliniongezea nilipoanguka Septemba. Mimi sikumbuki hata kidogo, ila Mama aliniona.”

Mwalimu akanigeukia, akauliza kama daktari anajua kwamba mtoto yuko hivi. Nikasema anajua, nikainamia vikombe.

Dada, kama umesimama, kaa. Marisa hakuanguka Septemba.

Wiki ile Mwalimu alikuwa ametuambia nafasi ya darasa la Jumanne imepatikana. Daktari alisharuhusu, kwani mtoto alikuwa amemaliza mwaka mmoja na nusu bila kuanguka. Marisa alirukaruka jikoni kwa furaha. Mimi nilichoona ni sakafu ya lile darasa la zamani, yeye chini, watoto wamemzunguka, na hakuna mtu mzima aliyejua la kufanya. Alasiri akalala kwenye kochi, usingizi wa kawaida kabisa, na Norberto alipoingia kutoka kukamua nikamwambia ameanguka. Nilitaka darasa liahirishwe, basi. Norberto akampigia daktari kabla sijavuta pumzi, daktari akaongeza dozi, na wewe ukakatiza likizo yako, ukaendesha gari mwendo wa saa tisa ukaja kulala sakafuni kando ya kitanda chake siku nne. Kila siku kati ya hizo nne nilitaka kukwambia. Badala yake nilikupikia. Marisa aliniamini, kwa sababu hata alipoanguka kweli hakuwahi kukumbuka. Mficha maradhi kifo humuumbua; mimi niliyeficha uzima, sijui methali yangu ni ipi.

Miezi mitano nimempa vile vidonge kwa mkono wangu asubuhi na jioni, kisha nikamgombeza kwa kusinzia.

Leo asubuhi nimempigia daktari nikamweleza yote. Amesema dozi haikatwi kwa siku moja, itashushwa wiki kwa wiki, nami nisiguse hata kidonge mpaka amwone Jumatano. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Norberto nitamwambia jioni, na Mwalimu Alhamisi mbele ya wenzake. Wakisema sifai kumfundisha, nitakubali. Nimeanza na wewe kwa kuwa barua ikishaingia sandukuni siwezi kuirudisha, na mimi najijua. Ukinikasirikia ni haki yako. Ila Norberto akikupigia, tafadhali pokea, maana atahitaji mtu wa kuzungumza naye.

Nisalimie wote hapo nyumbani, na uendelee kulikanda hilo goti. Marisa yuko ng'ambo ya meza, shavu juu ya mkono. Ameniuliza namwandikia nani, nikamwambia ni Mama Mkubwa. Anakusalimu sana. Anasema pia nimwombee msamaha kwako, kwa kuwa alikuharibia likizo kwa kuanguka.

Bado sijamwambia. Acha nifunge barua, nimwambie sasa hivi.

Ni mimi mdogo wako,
Lidia