Ute wa Tangi la Nne

3 Machi

Mwanangu,

Hujambo na kazi za maabara? Mimi mzima, ila moyo umeninyong'onyea. Vifaranga wangu wa samaki wa baharini wanakufa tena. Mapezi yanaoza, na kila asubuhi nawachota waliokufa kwa chujio la chai. Dawa ya mwaka jana haifui dafu. Matangi matatu yamekwisha. Wa tangi la nne tu, lile kuukuu lenye ute ambalo sijapata muda wa kulisugua, wanacheza kama hawajasikia habari. Wakifa na hao, nafunga kazi. Msomi wangu, mbona hao hawafi?

Shangazi yako

9 Machi

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Pole sana, barua yako nimeisoma nimesimama. Huenda ndani ya ute huo wanaishi bakteria wa baharini wanaotoa kitu cha kuwaua wale wa ugonjwa. Ndiyo kazi yangu, ile unayoiita kufuga uchafu! Nitumie jiwe moja la tangi hilo, ndani ya maji yake. Mkuu wangu naye anataka kuja kuliona tangi.

Mwanao

15 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Jiwe hilo hapo. Nimelisugua kwa sabuni na kulisuuza kwa maji ya moto, usije ukaaibika mbele ya wenzako. Tangi nalo nimeling'arisha. Mkuu wako aje hata kesho.

Shangazi yako

21 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Jiwe limefika, linang'aa kama sahani ya wageni. Nilicheka, kisha nikalia. Ute ndio niliokuwa nautaka. Kosa ni langu: umenilea miaka kumi na miwili, nilipaswa kujua huwezi kumpa mtu kitu kichafu. Tafadhali, hakuna hata kona moja uliyoisahau?

Mwanao

2 Aprili

Mwanangu,

Nisamehe. Tangu nilipolisugua tangi wamekufa zaidi ya nusu, na mkono uliosugua ni huu huu. Ila leo nimekumbuka kandambili yako uliyoiacha ulipokwenda chuo. Niliikata kisigino nikazibia tundu la chini la tangi la nne. Siku ile maji niliyachota kwa ndoo, kizibo sikukigusa. Nimekichomoa: ute mzito, unanuka! Nimekitia chupani na maji yake. Sijakipangusa, ingawa mikono iliniwasha.

Shangazi yako

19 Mei

Shangazi,

Shikamoo, na ukae kitako kwanza. Wamo! Tuliwaotesha kwenye kisahani, na kila walipoota, wale wa ugonjwa walikufa pembeni yao. Tumewajaribu kwa vifaranga wetu wagonjwa, wengi wamepona. Chupa hii ni ya kwako, imwage yote kwenye tangi. Kwenye daftari la maabara wameandikwa "Kandambili ya Shangazi". Mkuu alitia saini bila kucheka.

Mwanao

10 Juni

Mwanangu,

Marahaba, marahaba tena. Siku nilipoimwaga chupa nilikuwa nimebakiwa na vifaranga sitini na mmoja. Leo asubuhi nimewahesabu mara mbili: sitini na mmoja. Asante, mwanangu. Nilikugombeza sana kwa kuacha vitu vyako ovyo, na kimojawapo ndicho kilichoniokoa. Ute umeanza kurudi ukutani, na brashi nimempa jirani. Chujio nimelichemsha mara tatu, limerudi jikoni. Njoo tunywe chai.

Shangazi yako