Bunduki ya Baba na Risasi Kali

Mpendwa kaka,

Bwana asifiwe. U hali gani huko migodini? Kile kifua kimepona, au bado unakohoa ukiamka? Sisi huku Iringa hatujambo, baridi tu ndiyo inatutesa. Ila nina kinyaa moyoni, na sina wa kumweleza isipokuwa wewe.

Unakumbuka baba alivyokuwa akijaza risasi za bunduki yake ya mitutu miwili? Tumekaa barazani, mbali na moto, wewe unashika maganda ya shaba, mimi nakata karatasi za kuzibia. Baruti ni kijiko kimoja cha pembe, tena anaisawazisha kwa kidole. Siku moja ukamwomba aongeze kidogo, nguruwe wakome kabisa. Akaipapasa bunduki, akasema, "Huyu ni mzee, hana meno. Mpe uji." Na kwa uji huo tulilinda mahindi miaka yote.

Sasa sikia ya shemeji yetu Elia, mume wa Tabita, uliyemwachia bunduki ulipoondoka. Alinunua risasi kali kule Igawa, zile za bunduki mpya, akaenda kupiga arusini ili wageni wamwone. Hakupiga nguruwe, kaka, alipiga hewa. Mtutu wa kushoto umevimba kama shavu lenye jino bovu, na kitako kimepasuka. Wanaume wazima, tena wengine wazee wa kanisa, wakapiga makofi. Nilitamani kutema mate. Tabita alikuwa amesimama ubavuni pake, mtoto mgongoni.

Nilipomwonya alicheka. "Shemeji, mmeilisha uji mpaka imesahau nyama." Kitako kakifunga waya, anasema imepona, na Krismasi ataipiga tena.

Basi nimeichukua. Nilikwenda kumsalimia Tabita, nikaiviringisha kwenye mkeka, nikatoka nayo. Nimeomba sana juu ya jambo hili na sijaona dhambi. Elia anatuma watu, anasema mwanamke hakai na bunduki ya ukoo. Lakini Tabita alinijia kwa siri, akanishika mkono. "Dada, usimrudishie."

Neno langu Elia halisikii. Lako wewe mkubwa wetu atalisikia. Mwandikie mwenyewe kwamba bunduki ibaki kwangu, na mimi unijibu upesi, Krismasi isitukute hivi.

Ni mimi mdogo wako, ninayekuombea kila siku.