Turubai la Pikipiki ya Huang

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba, salamu zako zimefika. Hapa Moshi hatujambo, mama yako amepona mafua na mbuzi amezaa pacha. Unauliza pikipiki yako italalaje nje baridi yote huko Harbin, kaskazini mwa China, nawe huna gereji.

Nilipokuwa nanunua nguo Guangzhou, pikipiki zilipigwa marufuku mjini. Jirani yangu Huang, mbeba robota, alikataa kuiuza yake. Aliiegesha uani, baridi ikiisha aipeleke kijijini kwao kwa lori. Betri akaiweka ndani, tangi akalijaza, mnyororo akaupaka oili. Mimi kwa huruma nikaizungushia nailoni na gundi, kama mzigo wa kontena. Asubuhi akaichana ile nailoni: ndani mvuke umegeuka maji, yanatiririka!

“Mama, umeibana mno, kutu itaila,” akasema bila hasira. “Iache ipumue.”

Akaifunika turubai, chini akaacha wazi. Baridi ilipoisha, ikanguruma kwa kiki moja. Yule mtu nilimvulia kofia.

Nawe fanya vivyo hivyo. Siku uliyoniaga nilitaka kukuzuia, mjukuu wangu. Nikamkumbuka Huang, nikakuachia mkono.

Bibi yako